Tyubu Ndogo ya Kidonda cha Mdomo: Inachofanya na Isichofanya



Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho nina hakika kimo katika droo au mkoba wa nyumba nyingi za watu wetu, kuanzia Muscat na Sur mpaka Dubai, London na Unguja. Ni ile tyubu ya dawa ya kupaka kidonda cha mdomo. Aghlabu ina gramu 2 tu, mara nyengine 5, na kwenye boksi huandikwa aciclovir au acyclovir. Ni dawa moja kwa tahajia mbili. Mimi hapa nitaiita asiklovia. Wengi wanaijua zaidi kwa jina la biashara la Zovirax, ingawa siku hizi viwanda vingi vinaitengeneza kwa majina mbalimbali.

Mimi si daktari wala mfamasia. Nilisoma skuli ya misheni Unguja, kisha nikafanya kazi ya ukarani mpaka nikastaafu, na sasa nina miaka sabini na kitu. Lakini kazi ya karani ni kusoma karatasi mpaka mstari wa mwisho, na kile kikaratasi kinachokunjwa ndani ya boksi la dawa, ambacho wengi hukitupa pamoja na boksi lake, mimi hukisoma chote. Nimeona kwamba dawa hii inatumiwa sana lakini inafahamika kidogo. Wapo wanaoitarajia ifanye isichokiweza. Wapo wanaoipaka wakati umeshapita. Na wapo wanaodhani kwamba kidonda kikishapakwa dawa basi hakiambukizi tena. Hawa wa mwisho ndio walionifanya nishike kalamu, kwani kwa mtoto mchanga dhana hiyo inaweza kuleta msiba.

KIDONDA CHENYEWE NI KIPI

Sote tunakijua. Kwanza pembezoni mwa mdomo panawasha na kuchonyota, kama pameguswa na pilipili. Baada ya saa chache, au siku moja mbili, hutokea vilengelenge vidogo vidogo vya maji vilivyosongamana pamoja. Vilengelenge hupasuka vikawa kidonda kibichi, kidonda kikafanya kigaga, na kigaga nacho hupasuka kila ukicheka au kupiga miayo. Kwa kawaida baada ya siku 7 hadi 10 ngozi hurudi kama ilivyokuwa, bila ya kovu.

Tulipokuwa watoto, malaria ilikuwa mgeni wa kila nyumba. Mtu akipata homa kali kisha akatokwa na vidonda hivi, nyumbani kwetu walisema "homa imetokea mdomoni", na wakafurahi kwamba mgonjwa anapoa. Wazee hawakukosea katika walichokiona kwa macho, kwani ni kweli kwamba vidonda hivi hufuatana na homa, na malaria ni miongoni mwa homa hizo. Tofauti iko katika sababu. Homa haikutokea mdomoni. Homa ilimwamsha mpangaji aliyekuwa amelala siku nyingi ndani ya nyumba.

Mpangaji huyo ni kirusi kiitwacho herpesi simpleksi, khasa aina yake ya kwanza. Wengi wetu tulikipata utotoni kwa njia ya mate au busu la mtu mzima aliyetupenda. Mara ya kwanza mtoto huweza kupata homa na vidonda mdomo mzima, na wengine hawaoni dalili yoyote. Kisha kirusi hupanda kwa kufuata mshipa wa fahamu wa uso, kikaenda kujificha katika fundo la mshipa huo, ndani ya fuvu, usawa wa sikio. Hapo ndipo makao yake ya maisha. Kinga ya mwili humzuia asitoke, lakini siku mwili ukishughulishwa na jambo jengine, kama vile homa, uchovu, mashaka ya moyo, hedhi, kung'olewa jino au jua kali, hushuka kwa njia ile ile mpaka mdomoni. Ndiyo maana kidonda hupenda kurudi pale pale kilipotokea mara ya mwanzo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 wana kirusi hiki cha aina ya kwanza. Hiyo ni kama watu 64 katika kila 100. Wengi wao hawatokwi na vidonda kamwe, na hawajui kama wanacho.

Nasema haya kwa sababu nyengine pia. Siku hizi mtu huandika neno herpesi katika simu yake, akasoma kwamba ni ugonjwa wa zinaa, na papo hapo akaanza kumtilia shaka mumewe au mkewe. Taratibu, jamani. Aina ya pili ya kirusi hiki ndiyo ambayo kwa kawaida huambukizwa kwa zinaa. Kidonda cha mdomo, kwa walio wengi, ni urithi wa utoto na hakithibitishi chochote juu ya mwenendo wa mtu. Hata hivyo kirusi cha mdomoni nacho kinaweza kuhamia sehemu za siri kikipelekwa huko kwa mdomo, kwa hivyo wanandoa nao wajizuie mpaka kidonda kipone. Mengine nayaacha kwa adabu.

DAWA ILIVYOPATIKANA

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba kirusi hakiuliki bila ya kumdhuru mgonjwa, kwa sababu kirusi hakiishi peke yake. Huingia ndani ya seli ya mwili na kutumia vifaa vya seli hiyo kujinakili. Utapigaje mwizi aliyevaa nguo za mwenye nyumba?

Miongoni mwa waliolitatua fumbo hilo ni mwanamke wa Kimarekani, Gertrude Elion, aliyezaliwa New York mwaka 1918. Alimaliza chuo mwaka 1937, akiwa na miaka 19 tu, lakini maabara hazikutaka kuajiri mwanamke. Alipita katika kazi nyingi ndogo, na moja ilikuwa katika kampuni ya vyakula, akipima ukali wa achari. Mwaka 1944 aliingia kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, na hapo akabaki. Hakupata kumaliza masomo ya shahada ya udaktari wa falsafa, kwani asingeweza kuyafuata bila ya kuacha kazi. Asiklovia ilitoka katika kazi ya kundi lake, ikatangazwa kwa wataalamu mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1982 ikaruhusiwa Marekani kama dawa ya kupaka. Mwaka 1988 Elion alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Hitchings na James Black. Sisi wanawake tulioingia maofisini zamani, tukaambiwa tutengeneze chai kabla ya kuonyeshwa faili, tunaifahamu safari yake.

Sasa tazameni hila ya dawa yenyewe. Nitaieleza kwa lugha ya ofisi. Barua isiyo na muhuri haifanyi kazi yoyote. Itakaa kwenye trei mpaka iote vumbi. Asiklovia huingia ndani ya seli kama barua isiyo na muhuri. Katika seli nzima, isiyo na kirusi, hukaa karibu bila ya kufanya lolote. Lakini kirusi huja na kimeng'enya chake mwenyewe, na kimeng'enya hicho ndicho kinachoigonga dawa muhuri wa kwanza. Ukishapatikana wa kwanza, seli yenyewe huongeza muhuri wa pili na wa tatu, na hapo barua imekuwa halali. Kirusi, ambacho kiko mbioni kujinakili kama mtu anayeunganisha mnyororo pete kwa pete, huichukua dawa kwa kudhani ni moja ya pete zake na kuitia katika mnyororo. Kumbe pete hiyo haina pa kushikia pete inayofuata. Mnyororo unakatika na nakala haimaliziki.

Kwa hivyo kirusi hujigongea chenyewe muhuri wa kifo chake, na seli zisizo na kirusi zinasalimika. Ndiyo maana dawa hii imekuwa na madhara machache: kwa kupaka, aghlabu ni kuchonyota kidogo au ngozi kukauka na kubambuka.

SAA YA KUPAKA

Ukishaifahamu hila hiyo, mambo mawili yanajieleza yenyewe.

La kwanza: dawa humpiga kirusi anapojinakili tu. Aliyelala katika fundo la mshipa wa fahamu hajinakili, kwa hivyo hamgusi. Krimu haiondoi kirusi mwilini, na hakuna dawa yoyote leo inayokiondoa. Muuzaji anayekwambia kwamba yake itakimaliza kabisa, muage kwa salama.

La pili: kirusi hujinakili kwa wingi katika saa za mwanzo, pale panapowasha na hapajaonekana kitu. Kidonda kikishapasuka, kazi kubwa ya kirusi imekwisha, na kilichobaki ni mwili kujitengeneza ngozi. Kupaka asiklovia siku ya nne, juu ya kigaga, ni kama kufunga mlango wa banda kuku wamekwishatoka.

Kwa hivyo kanuni ni hii: paka mara unapohisi mchonyoto. Usingoje kioo kikuthibitishie. Anayetokwa na vidonda mara kwa mara anaijua dalili yake vizuri kuliko daktari yeyote, na tyubu yake iwe karibu naye.

Krimu ya kawaida ni ya asilimia 5, na maelezo yake ya Uingereza ni kupaka mara 5 kwa siku, kila baada ya saa 4 hivi, kwa siku 5. Kwa saa zetu hiyo ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Hakuna haja ya kuamka usingizini. Ikiwa hakijapona, waweza kuongeza siku 5 nyengine, lakini zikipita siku 10 nenda kwa daktari. Maelezo ya nchi nyengine hutofautiana kidogo, kwa hivyo fuata kikaratasi cha boksi lako.

Namna ya kupaka nayo ina taratibu zake. Osha mikono kwanza. Gusagusa dawa juu ya mahali penyewe bila ya kusugua, kwani kusugua hukitawanya kirusi. Kijiti cha pamba ni bora kuliko kidole. Kisha osha mikono tena, khasa kabla ya kugusa macho au kuvaa lenzi za macho. Usiipake ndani ya mdomo wala machoni. Usiichanganye na mafuta mengine, kwa sababu krimu yake imetengenezwa makusudi ili ipenye ngozi. Na tyubu moja ni ya mtu mmoja, hata kama mnalala chumba kimoja.

Kwa sisi wa Ghuba naongeza hili: dawa hii inatakiwa ihifadhiwe pasipozidi nyuzi joto 25, na isitiwe katika friji. Ile tabia ya kuiacha ndani ya gari juani mwezi wa Juni ni kuiharibu.

Je, faida yake ni kubwa kiasi gani? Nitasema kweli. Katika majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2002, watu waliopaka krimu ya asiklovia mapema, mara 5 kwa siku kwa siku 4, walipona kama nusu siku kabla ya wale waliopaka krimu tupu isiyo na dawa. Nusu siku, basi. Kidonda cha karibu siku 5 kikawa cha siku 4 na kitu. Maumivu nayo yalipungua kidogo. Kwa bibi harusi au mtu mwenye mahojiano ya kazi, nusu siku si haba. Lakini anayetarajia kidonda kitoweke usiku mmoja atavunjika moyo bure.

Zipo krimu nyengine za jamaa hii. Pensiklovia ya asilimia 1 hupakwa kila saa 2 wakati mtu yuko macho, kwa siku 4. Dokosanoli ya asilimia 10 hupakwa mara 5 kwa siku, nayo humzuia kirusi asiingie ndani ya seli. Walioko Marekani wataikuta dokosanoli ikiuzwa bila ya karatasi ya daktari, lakini krimu ya asiklovia huko inahitaji karatasi. Walioko Uingereza wataikuta ya asiklovia hata kwenye maduka makubwa ya vyakula. Zote faida yake ni ya saa, si ya siku nyingi. Mtu anayetokwa na vidonda vikubwa au vya mara kwa mara amwone daktari juu ya vidonge, ambavyo hufanya kazi kutoka ndani na kwa watu kama hao hufaa zaidi kuliko krimu.

TYUBU ZINAZOFANANA

Katika nyumba zetu tyubu za dawa hukaa kopo moja, zote nyeupe, zote ndogo, na nyengine zimefutika maandishi. Mtu akichonyotwa mdomo huchukua ya kwanza anayoikuta. Hapo pana khatari.

Krimu ya antibayotiki huua bakteria, na kirusi haiwezi kumfanya lolote. Krimu ya fangasi vile vile. Mbaya zaidi ni zile krimu kali za kuondoa mwasho na wekundu, zenye dawa za jamii ya steroidi kama betamethasoni. Hizi hupunguza kinga ya ngozi mahali zinapopakwa. Kwa kirusi, hiyo ni sawa na kumfukuza askari wa zamu. Ipo dawa moja iliyotengenezwa kiwandani kwa kuchanganya asiklovia na steroidi nyepesi kwa kipimo maalumu, lakini hiyo si ruhusa ya kuchanganya wenyewe jikoni.

Na dawa za mkono je? Nimeona watu wakipaka dawa ya meno, chumvi na limau, hata mafuta ya karafuu yanayowekwa kwenye jino. Yanachoma kweli, na mtu akiungua hudhani dawa imeingia. Imeingia kuchubua ngozi tu. Mafuta mepesi ya kulainisha kigaga ili kisipasuke hayana ubaya, mradi usichovye kidole chenye kirusi katika kopo la nyumba nzima.

Pia si kila kidonda cha mdomo ni hiki. Vidonda vyeupe vya duara vinavyotokea ndani ya shavu au chini ya ulimi kwa kawaida si kazi ya kirusi hiki, na krimu hii haivifai. Mipasuko ya pembe mbili za mdomo, ambayo sisi wazee wa meno ya bandia tunaijua, mara nyingi huletwa na fangasi au bakteria. Na kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki 3, khasa kwa mzee aliyeishi juani au mvuta sigara, kisipakwe chochote kabla ya daktari kukitazama, kwani saratani ya mdomo huanza kimya kimya.

BUSU LA MTOTO MCHANGA

Sasa nimefika nilipokuwa nakwenda.

Mwaka jana mke wa mwanangu alijifungua, na kama desturi yetu nyumba ikajaa wageni. Siku ya tano alikuja binti wa jamaa yetu, mwanamke wa makamo, mwema sana, ameshika halua na nguo za mtoto. Kwenye mdomo wake wa juu palikuwa na kidonda kibichi kilichopakwa krimu nyeupe. Alininyooshea mikono apewe mtoto. Nilipomtazama mdomo, akacheka: "Nishapaka dawa, Shangazi, hapana neno."

Hapo ndipo penye neno. Dawa inaharakisha kupona kidogo, lakini haifungi mlango wa kuambukiza. Mtu huambukiza tangu anapohisi mchonyoto wa kwanza mpaka kigaga kianguke na ngozi iwe nzima kabisa, awe amepaka au hakupaka.

Kwa mtu mzima, kuambukizwa ni usumbufu. Kwa mtoto wa siku chache ni jambo jengine kabisa. Kinga yake bado haijakomaa, na kirusi huweza kuenea mpaka kwenye ini, mapafu na ubongo. Wiki 4 za mwanzo ndizo zenye khatari kubwa zaidi. Ni ugonjwa unaotokea kwa nadra, lakini ukitokea huweza kuua au kumwacha mtoto na ulemavu, hata kama asiklovia itatiwa kwenye mshipa hospitalini. Kila saa ya kuchelewa ina gharama yake.

Nilimwambia yule binti: "Mwanangu, huyu bado hajafika arubaini. Muombee dua ukiwa hapo hapo, kidonda kikishapona njoo umbebe mpaka uchoke." Alinyamaza kidogo, kisha akaketi, akaomba dua nzuri kuliko wote waliokuja siku ile. Baadaye mke wa mwanangu akaniambia kwamba yeye asingethubutu kusema. Nami nikamjibu kwamba ndiyo kazi ya wazee. Mzazi amechoka, na wengi hawapendi kumuudhi wifi au shangazi wa mume. Bibi akisema, hakuna anayenuna siku mbili.

Kwa hivyo nawaomba wazee wenzangu tulibebe jambo hili. Mwenye kidonda cha mdomo, au anayehisi mchonyoto tu, asimbusu wala asimbebe mtoto mchanga. Tena kirusi huweza kutoka katika mate mara nyengine bila ya kidonda chochote, kwa hivyo mimi katika nyumba yangu nimeweka sharti moja kwa wote: mtoto wa arubaini habusiwi usoni wala mikononi, kwani mikono yake huitia kinywani. Kwa upande wa tahniki, mimi si wa kufundisha dini. Masheikh wetu wapo na waulizwe. Ninachokisema ni cha afya tu: tende iliyotafunwa hubeba mate ya aliyeitafuna, na iliyopondwa kwa mikono safi haibebi.

Na ikiwa mwenye kidonda ni mama mwenyewe? Anaweza kuendelea kunyonyesha, maadamu titi halina kidonda. Aoshe mikono kila mara, afunike mdomo kwa barakoa, na avumilie asimbusu mwanawe mpaka apone. Titi likiwa na kidonda au vilengelenge, asinyonyeshe upande huo mpaka aonane na daktari. Mjamzito anayepata vidonda hivi kwa mara ya kwanza, khasa miezi ya mwisho, naye amwambie daktari wake.

Dalili kwa mtoto si lazima ziwe vilengelenge. Mtoto akikataa kunyonya, akawa mlegevu, analala kupita kiasi na haamki vizuri, ana joto au amepoa mwili, anapumua kwa shida au ngozi inageuka rangi, msikae kumfukizia udi. Mpelekeni hospitali saa ile ile, na mwambieni daktari wazi kama palikuwa na mtu mwenye kidonda cha mdomo karibu naye. Hapa Oman namba ya dharura ni 9999, na Uingereza ni 999.

MAMBO MENGINE YA NYUMBANI

Katika barza zetu finjani chache huzunguka watu wengi, zikisuuzwa kwa maji kidogo tu. Mwenye kidonda aombe finjani yake peke yake, au aseme leo hanywi. Taulo, kijiko, rangi ya mdomo na wembe pia visichangiwe.

Mwenye pumu ya ngozi, yaani ile mikwaruzo na mwasho wa miaka mingi, ajihadhari, kwani kirusi huweza kuenea haraka kwenye ngozi yake. Mwenye kinga dhaifu kwa sababu ya matibabu ya saratani, kupandikizwa kiungo, au virusi vya UKIMWI asitegemee krimu peke yake. Amwone daktari mapema. Na kwa kila mtu, kidonda kikifuatwa na jicho jekundu linalouma na kuchukia mwanga, hiyo ni safari ya daktari wa macho siku hiyo hiyo, kwani kirusi hiki huweza kuharibu uoni. Ipo dawa ya macho maalumu. Hii ya mdomo haiingizwi jichoni.

Mwisho ni jua letu. Kwa wengi, jua kali ndilo linalomwamsha mpangaji. Mafuta ya mdomo yenye kinga ya jua, kilemba au ushungi unaoleta kivuli usoni, na kupumzika vya kutosha, vinaweza kupunguza idadi ya vidonda kwa mwaka. Hivyo vinakuja kabla ya tyubu, na bei yake ni ndogo.

Nakala ya kikaratasi cha dawa nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu, na chini yake nimeandika kwa mkono mistari mitatu. Nanyi iandikeni kwenu: paka mapema, kabla ya kuona; tyubu ni ya mtu mmoja; kupaka si kupona, kwa hivyo usimbusu mtoto.